Safari ya Bahari na Leso Katikati

Kikima, Mbooni
4 Mei 2025

Kwako Baba Nthiwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumai wewe, binti yangu Kaveke na mjukuu wangu Nthiwa mko wazima hapo Mwingi, na lile duka lako la agrovet bado linauza dawa ya kupe. Sisi hapa hatujambo. Mbaazi zimesimama vizuri. Ng'ombe amezaa ndama dume tena, ni kama ananifanyia makusudi. Pasta naye amenunua spika mpya, sasa tunahubiriwa hata tukiwa shambani.

Najua utashangaa kupata barua. Ni Kaveke amekataa kuendelea kutubebea maneno. Amenipigia simu akasema, "Mama, mimi nimechoka. Mimi si mlingoti wa simu. Si muongee wenyewe!" Sasa tutaongeaje? Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai wakapiga gumzo wala kutazamana usoni, hiyo ni haya ya wakwe, na nthoni ni nthoni tangu babu zetu. Na simu ndiyo mbaya kabisa, maana sauti ya mkwe inakuingia mpaka ndani ya sikio. Karatasi ina heshima yake. Nimempa mdogo wangu Munyao, si unajua hununua mbuzi huko kwenu, akuletee.

Miaka yote hii tumeheshimiana vizuri, nakusifu kwa hilo. Siku ile ya soko uliponiona ukajificha nyuma ya magunia ya mahindi nilifurahi sana, ingawa miguu yako yote ilibaki nje. Mimi pia najitahidi. Picha yenu ya harusi iko ukutani kwangu, na ile nusu yako nimeifunika kwa kalenda.

Sasa neno lenyewe. Daktari amesema nina presha ya macho. La kushoto limeshafunga duka. La kulia naona nalo kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Matone aliyonipa yatachelewesha tu, hayatarudisha. Nililia siku moja nikamaliza, kisha nikaanza kufikiria. Nimeishi juu ya mlima huu maisha yangu yote. Sijaona bahari. Sijaona ndovu. Nataka nione kabla bomba halijaziba.

Katika jamaa yetu mwenye gari ni wewe peke yako. Sijui tutakaa namna gani ndani yake bila kujiletea aibu, lakini wewe umesoma, fikiria.

Ni mimi,
Mbinya


Mwingi
1 Juni 2025

Kwa Mama yangu mheshimiwa,

Pokea salamu zetu sote. Kaveke yuko mzima, anasahihisha mitihani na kulalamika. Nthiwa ameng'oka jino la mbele na anataka kulipanda shambani. Ndengu zimetoka vizuri huko kwetu Nuu, mama yangu anakusalimu.

Barua yako ilichelewa. Munyao aliitia kwenye mfuko wa koti, koti akalitandika juu ya mbuzi mgonjwa, na mbuzi akapona kwa kula kona ya karatasi. Nimesoma yote isipokuwa kile kitu ambacho pasta amenunua. Chochote kile, nampa hongera.

Mama, habari ya macho imeniuma sana. Siku hiyo dukani nilimpa mtu wa kuku dawa ya kuogesha ng'ombe, ikabidi nimkimbilie mpaka stendi. Tutaenda. Shule zikifungwa Agosti tutaenda, na utaona kila kitu.

Njia nimeshaichora. Tutakuchukua Kikima, tushuke hadi barabara ya Mombasa, tupite Kibwezi na Mtito Andei, tuingie Tsavo. Pale ndovu husimama karibu na lami wakiwa wamejipaka udongo mwekundu mwili mzima. Tukifika Mombasa tutageuka kushoto tufuate pwani: Kilifi, Watamu, Malindi, mpaka Marafa, mahali ardhi ilikatika ikabaki bonde la rangi rangi ambalo watu hutoka Ulaya kuja kulitazama. Bahari itakuwa upande wa kulia, kwa hiyo umepewa kiti cha nyuma upande wa kulia.

Kuhusu aibu nimefikiria hivi. Tutatundika leso katikati ya gari kutoka dirisha hadi dirisha, mimi mbele, wewe nyuma. Kiti chako kiko nyuma yangu kabisa, kwa hiyo hata leso ikileta shida utaona kisogo tu. Kaveke atakaa mbele kando yangu na kutupitishia maneno. Nimemwomba sana, amekubali kwa mara ya mwisho. Nthiwa atabaki Nuu kwa mama yangu. Wakati wa kula, wewe utakula ndani ya gari na mimi nitakula nyuma ya buti.

Mkwe wako,
Mutisya


Kikima
22 Juni 2025

Baba Nthiwa,

Salamu kwa wote. Hapa kuna baridi na ukungu, hata kuku hawataki kutoka. Mwambie Nthiwa jino halimei, ajaribu mhogo.

Mpango wako nimeusikia. Nina maswali. Kisogo nacho ni sehemu ya kichwa, na kichwa kina uso upande wa pili, kwa hiyo hiyo leso isiwe nyepesi. Ile ya maua ya Kaveke ukiishika kwenye jua unaona mpaka kesho. Pia, mtu akitaka kwenda msalani atasema vipi? Siwezi kumwambia Kaveke akwambie wewe jambo kama hilo. Nitakohoa mara mbili. Ukisikia nimekohoa mara moja, hicho ni kikohozi tu, endelea na safari.

Chupa ya chai nitakuja nayo mwenyewe, ile kubwa nyekundu. Chai ya hotelini ni maji yaliyoonyeshwa majani.

Nimewaambia akina mama wa kanisa kwamba naenda kuona bahari. Wamenituma niwaletee maji yake, maana hakuna anayeamini kwamba maji mengi hivyo yanaweza kuwa na chumvi yote na bado watu wa huko wanunue chumvi dukani.

Mbinya


Mwingi
20 Julai 2025

Mama,

Sote wazima. Haya ni machache tu. Leso nimenunua mpya, nzito, nikaikunja mara mbili. Imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nimeijaribu kwenye gari na Kaveke akiwa nyuma, anasema ni kama kukaa ndani ya gunia.

Kioo cha nje cha upande wa kushoto kiliibwa nilipoenda kununua mzigo wa duka. Usijali, sisi tunaenda mbele, haturudi nyuma.

Mutisya


Kikima
24 Agosti 2025

Baba Nthiwa,

Nimefika salama, nimelala, nimeamka, na leo ndiyo nina nguvu za kuandika. Mbaazi zimekauka, tunavuna. Ndama amekataa kunijua. Akina mama wameonja maji ya bahari mmoja mmoja, na mwenyekiti wetu amemeza kwa ubishi akaharisha.

Asante. Asante sana. Mungu akubariki, akuongezee wateja. Nilisema sitalia lakini pale kwenye daraja la Kilifi, leso ikanyanyuka kidogo upande wangu, nikaona maji ya buluu yakiingia katikati ya nchi, mashua zimelala juu yake, nikalia mpaka matone ya daktari yakatoka yote. Mpaka hapo nilikuwa nimeona mikonge tu, nikadhani mmenidanganya. Kesho yake kule Watamu nikaivulia viatu ile bahari yenyewe. Ni kubwa kupita kiasi, Baba Nthiwa. Shamba lote hilo na hakuna aliyelilima.

Kule Mida kwenye mikoko mlinionyesha samaki anayepanda mti. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nimewasimulia watu hapa na sasa hata yale mambo mengine ya kweli wamekataa kuyaamini.

Marafa ni pazuri, sikatai. Ile miamba nyekundu na nyeupe imesimama kama mishumaa. Lakini yule kijana aliyetuzungusha hakufurahi nilipomwambia ukweli. Huo ni mmomonyoko wa udongo! Huku Mbooni, mtu akiacha shamba lake likatike namna ile, chifu humwita. Sisi tungechimba matuta ya fanya juu, tukapanda majani ya ng'ombe, na leo lingekuwa linatoa maharagwe. Wao wameweka geti, wageni wanalipa kuingia.

Sasa malalamiko. Ile leso ilikuwa nzito kweli, kwa hiyo kutoka Emali mpaka Mtito nimesoma MGENI NJOO MWENYEJI APONE kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kaveke akisema "Mama, twiga kulia!", mimi nikigeuza bomba langu, gari limeshapita. Tsavo yote nimeiona kwa matako. Matako ya twiga, matako ya punda milia, matako ya wale ndovu wa kwanza. Watu wananiuliza ndovu anafananaje na mimi nawaambia ana mkia mdogo.

Halafu Kaveke kupoteza sauti. Mimi nasema apunguze mwendo. Wewe unasikia, kwa maana gari linapunguza. Lakini unangoja Kaveke aseme, Kaveke anasema, unamjibu Kaveke, na Kaveke ananiambia mimi ambaye nimeshasikia. Kufika katikati ya Tsavo sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nakushukuru kwamba ulikuwa na akili ya kuanza kuongea na chupa ya chai. "Chupa, muulize mama kama amechoka." Nami nikasema, "Chupa, mwambie dereva mgongo ni wangu mwenyewe, hauhusu watu." Ile chupa imetutoa mbali.

Kuhusu lile jambo la kabla ya kufika Voi, sina neno. Kama kuna mtu alidhani amesikia jina lake likiitwa, labda alikuwa na njaa.

Mbinya


Mwingi
14 Septemba 2025

Mama yangu,

Salamu nyingi. Nthiwa alipanda mhogo. Kaveke amepata sauti yake yote na anaitumia.

Tumefurahi kwamba uliiona bahari. Mimi pia sikuwa nimewahi kuitazama vizuri. Nikienda Mombasa huwa ni mambo ya mzigo tu, napakia narudi. Wewe uliposimama pale ndani ya maji umeshika sketi, mimi nilikuwa nyuma ya mnazi kwa heshima, na huko nyuma ya mnazi nililia kidogo. Kaveke alisema ni mchanga umeniingia machoni, nami nikakubali ni mchanga.

Kuhusu lile jambo, na mimi sina neno. Lakini mama yangu kule Nuu ameulizauliza na lazima tukubaliane tutasema nini, kwa hiyo wacha niandike nilivyoona mimi, wewe utarekebisha.

Ndovu mkubwa alitoka kichakani akasimama katikati ya lami mbele yetu. Mimi nikaingiza gia ya nyuma. Kioo cha ndani kilikuwa kinanionyesha leso. Kioo cha kushoto kilikuwa kwa mwizi. Cha kulia kilionyesha kichaka tu. Nikaanza kurudi nyuma kwa imani. Kaveke alikuwa amechungulia pembeni ya leso akakuona umegeuka unatazama dirisha la nyuma, anafungua mdomo, hakuna kinachotoka. Ndipo sauti ikapasuka ndani ya gari:

"Mutisya! Wee Mutisya, simama! Kuna katoto ka ndovu hapa nyuma! Utakagonga, huyu mama yake atatumaliza!"

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili na leso yote ikaanguka. Nikazima gari. Nikageuka kuona kama uko salama, na hapo nikakukuta umefumba macho kwa nguvu, umekunja uso wote. Mimi nami nikafumba yangu haraka. Tukakaa hivyo, watu wawili wamefumba macho katikati ya ndovu wawili. Aliyeona ni Kaveke peke yake, alikuwa anacheka bila sauti mpaka akashuka chini ya kiti. Alituambia baadaye katoto kalipita kando ya dirisha lako kakapuliza vumbi kwenye kioo, mama yake akakachukua, wakaenda zao. Ndipo akaitundika tena leso, akatugusa, tukafumbua.

Mkwe kuitwa jina lake na mama mkwe ni jambo kubwa, najua. Mimi nimemwambia mama yangu kwamba aliyeniita ni ile chupa ya chai. Chupa haina nthoni na mtu yeyote. Ukiulizwa, sema hivyo hivyo.

Mutisya


Mwingi
26 Oktoba 2025

Mama,

Tunakusalimu tena. Munyao amekuja mara mbili bila barua. Nimemkagua mfuko, nimewakagua hata mbuzi. Kaveke akikupigia simu unamwambia habari za mvua tu.

Kama nilikosa kwa kuandika lile jina wazi wazi nisamehe. Ningeandika "mtu fulani". Au kama ni kwa sababu niligeuka, niligeuka kwa hofu, sikuwa na lengo baya. Nakuapia sikuona kitu isipokuwa makunyanzi ya kufumba.

Tunaweza kwenda tena Desemba. Wanasema kuna kima kule Gede wanaoshuka kwenye magofu kuomba ndizi. Leso nitanunua nyepesi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mutisya


Kikima
9 Novemba 2025

Mutisya,

Umeona nimeandika. Jina lako lipo hapo juu na karatasi haikuungua.

Hatujambo. Mvua imekuja ya kutosha, mahindi yameota na magugu yameota zaidi. Utaona mistari yangu inapanda mlima, ni kwa sababu siioni mwisho wake. Munyao amejitolea kuniandikia nikakataa, kwa maana hata mbuzi yeye huwaandika wote "mweusi".

Hukukosa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na haikuwa juu yako. Wacha nikueleze.

Kila jioni watu wanakuja hapa kuniuliza nimeona nini. Nawaambia bahari. Nawaambia samaki wa kupanda mti, na bonde la Marafa, na hata ndovu, ingawa ni upande mmoja. Mama mmoja akaniuliza, "Na aliyekupeleka kote huko, ni yule mkwe wako? Ni mtu wa namna gani?" Nikasema ni mtu mzuri sana. Akauliza, "Anafananaje?" Nikaanza na viatu, nikaishia kwenye kisogo. Ninajua viatu vyako, vya kahawia, vimeisha upande wa nje. Ninajua kisogo chako na jinsi unavyokohoa ukitaka kucheka. Nimempa mtu binti yangu, mtu huyo amenipeleka mpaka mwisho wa nchi kwa sababu nilimwomba tu, na nikikutana naye njiani kesho siwezi kumtambua.

Halafu nikakumbuka siku ile. Leso imeanguka. Umegeuka. Mwanga umejaa ndani ya gari. Na mimi, mwanamke aliyebakiwa na macho ya kuhesabiwa, nikayafumba! Katoto ka ndovu kamesimama dirishani kakinitazama, sikukaona. Wewe uko mbele yangu, sikukuona. Nimeikasirikia nafsi yangu tangu Septemba. Nimepiga hata ng'ombe.

Sasa bomba limekuwa dogo sana. Mtu akisimama mbele yangu naona pua, nikisogeza naona jicho moja, nikisogeza naona mdomo. Inabidi nimkusanye kidogo kidogo. Daktari hasemi ni lini, anasema tu nisichelewe kufanya mambo yangu.

Mambo yangu ni haya. Bahari nimeiona, inatosha, haina haja ya kurudiwa. Gede waachie kima wenyewe. Nimewauliza wazee wetu, nao wanasema nthoni ina njia yake ya kulegezwa: mkwe akileta blanketi na mbuzi, wakala wakaomba, mama mkwe anaweza kumtazama na kumsalimia kwa mkono bila laana wala aibu. Kwa hiyo lete mbuzi na blanketi. Kama mbuzi ana shida, njoo na blanketi. Kama blanketi limekosekana, Mutisya, njoo tu.

Mbinya


Mwingi
16 Novemba 2025

Mama,

Salamu ni zile zile, tutazimalizia huko. Munyao ameleta barua yako mbio, mara hii bila mbuzi hata mmoja, na anangoja hapa dukani niandike arudi nayo.

Blanketi nimenunua. Mbuzi ninaye, dume, ametoka Nuu, mama yangu mwenyewe amemchagua. Duka nitalifunga. Nimeenda kunyolewa, na kinyozi alipouliza naenda wapi nikasema naenda kuonwa, akadhani nagombea kiti.

Kaveke anasema nisikuahidi makubwa. Anasema sikio moja limesimama kuliko lingine, na pua ni ile ya ukoo wetu ambayo hufika kabla ya mtu. Mimi nimejitazama kwenye kioo cha gari muda mrefu kuliko siku ya harusi. Naogopa, Mama. Siku ya ndovu sikuogopa hivi.

Tutafika Jumamosi asubuhi. Usitoke nje, usihangaike. Kaveke ananiambia mlango wako unatazama jua linakotoka. Nitasimama hapo mlangoni penye mwanga, nitaivua kofia, na sitasogea. Nikusanye polepole, hata ikichukua siku nzima.

Mwanao,
Mutisya